Saa Nne Kasoro

"Kwanza spika, ndipo umeme."
Baba aliandika hivyo kwa kalamu ya risasi
kwenye plasta, mgongoni mwa amplifaya,
na chini yake, kwa herufi kubwa: LUDWIKA, UNANISIKIA?
Nilikuwa na miaka tisa. Sikuwa nasikia.

Sasa nina arobaini na miwili, niko ghorofa ya nne,
katika nyumba za wafumaji wa zamani, Łódź,
mji ambao jina lake ni mashua na hauna bandari.
Tumelipandisha kwa ngazi, mimi na Wiesiek wa karakana ya tramu,
tukitua kila kona kama tramu yenyewe.
Kilo thelathini na nane.
Baba, mwishoni, hakulizidi sana.

Nyuma kuna matundu.
Waya wa spika na waya wa gitaa ni pacha kwa sura:
plagi ileile, ngozi ileile nyeusi.
Ila mmoja tumboni ana shaba nene ya kubeba mzigo;
mwingine ni mwembamba, amevikwa wavu
asidakie redio na friji za majirani.
Ukiwabadilisha, yule mwembamba ataungua
akijaribu kuwa kaka yake.

Spika moja, omu nane. Mbili kwa pamoja, nne.
"Chini ya nne usishuke", plasta nyingine hiyo,
"namba ikipungua, mzigo umeongezeka."
Nikahesabu: mama, bibi, Kazik, mimi.
Mshahara mmoja.

Tundu la Tuma na tundu la Rudisha sikuyagusa.
Sina cha kutuma.

Mbele, vifundo. Husomwa kama saa.
Geni ni mlango: kiasi unachoruhusu kiingie.
Masta ni dirisha: kiasi anachopata jirani.
Watu huvichanganya. Nami nilivichanganya,
nikaachia mlango wote, taa nyekundu ikakodoa,
besi ikatoka na mchanga mdomoni.
Nikairudisha hadi saa tatu. Taa ikawa inapepesa tu
kwenye noti kali, na hivyo ndivyo inavyotakiwa.
Besi saa saba. Trebo karibu na kulala,
maana kucha zangu zinakwaruza.
Kati nikaiweka saa sita, wima,
kwa kuwa sijui.

Nikapiga uzi wa nne, mtupu.
Sauti haikuanzia masikioni. Ilianzia kwenye nyayo,
ikapanda magotini,
vijiko vikaanza kusengenyana ndani ya droo.

Ndipo bomba la joto likagongwa. Ko. Ko. Ko.

Bi Pelagia wa ghorofa ya tatu!
Utoto wangu wote alikuwa akiligonga bomba hilo,
na mama akisema, Zenon, basi, watu wamelala.
Nikashusha masta hadi saa mbili. Ko. Ko.
Nikashusha hadi saa moja, kimya kabisa,
na bado: ko.

Nikateremka na ndala, nimeandaa samahani.
Akafungua kabla sijabisha,
mwiko mkononi, unga hadi viwikoni.
"Nani kakuambia ushushe?
Kati imezidi, inasemea puani.
Baba yako aliiweka saa nne kasoro."
"Nilidhani unalalamika."
"Miaka ishirini? Ningehama.
Nilikuwa namshikia mapigo.
Ikikaribia Jumamosi ya harusi, alikuwa anakimbia."
Akafunga mlango. Mkate wake ulikuwa unaungua.

Nikarudi juu. Kando ya kifundo cha kati
palikuwa na kinukta cha kalamu ya risasi
nilichokuwa nimekifuta mara mbili nikidhani uchafu.
Kilikuwa hakijafutika.
Nikageuza hadi pale, masta nikaifungua tena,
nikaanza, uzi wa nne, wa tatu, wa nne.

Ko, likajibu bomba, nusu hatua nyuma yangu.

Nilikuwa nakimbia.